Bibi wa Chumba cha Uani: Uchambuzi wa Kisa cha Nyumba Ndogo Iliyouzwa Mtwara

Kisa hiki kilitokea ndani ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Majina, mtaa na namba ya kiwanja vimeondolewa, na mambo machache ambayo yangemtambulisha mtu yamebadilishwa. Kimeandikwa kwa ajili ya watu wanaotafuta nyumba ndogo kwenye mitaa ya zamani, hasa wale wanaoambiwa na dalali kwamba "karatasi zote zipo". Mimi ni fundi sanifu wa majengo. Niliitwa kukagua kuta, nikajikuta naifuata habari hadi mwisho wake.

Usuli

Mnunuzi ni mwalimu wa sekondari, mama wa watoto wawili, aliyekaa nyumba za kupanga miaka mingi. Mfukoni alikuwa na shilingi milioni 35: akiba yake na mkopo wa SACCOS. Alikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kununua kiwanja kilichopimwa pembezoni, upande wa Naliendele au Mangamba, ajenge kidogo kidogo. Ya pili, kununua nyumba kongwe mjini na kuifufua.

Kiwanja kipya kilikuwa na bei nafuu na hakikuwa na historia ya mtu. Lakini wakati anajenga angeendelea kulipa kodi ya kupanga, na akishahamia kuna nauli ya bajaji ya watu watatu asubuhi na jioni. Mjini watoto wangekwenda shule kwa miguu, soko liko karibu, na Hospitali ya Ligula haihitaji gari. Hesabu yake ikalalia mjini, na mimi sikuona kosa ndani yake.

Mitaa kama Majengo, Magomeni na Chikongola imejaa nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma wenye jiko na choo. Wengi waliozijenga walifuata kazi mjini, wengine bandarini, bandari iliyojengwa pamoja na reli ya Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga baada ya Vita Kuu ya Pili. Baba anafariki, watoto wametawanyika Dar es Salaam, Masasi na Newala, mirathi haifunguliwi kwa sababu hakuna anayegombana. Nyumba inabaki na jina la marehemu miaka kumi, ishirini. Siku mmoja wao akihitaji pesa, ndipo nyumba inapotangazwa.

Kuna jambo jingine la Mtwara. Miaka ile ya vuguvugu la gesi asilia, kabla bomba la Madimba hadi Dar es Salaam halijakamilika mwaka 2015, nyumba za mjini zilipandishiwa bei kwa matumaini ya wageni wenye fedha. Wageni wengi walikuja wakaondoka. Bei hizo zimebaki vichwani mwa wenye nyumba, na muuzaji wa kisa hiki hakuacha kutaja kwamba baba yake "alikataa milioni 60".

Nyumba yenyewe

Dalali alileta habari mwezi wa Novemba, korosho zikiwa mnadani na pesa ikizunguka. "Nyumba ya tofali, vyumba vinne, umeme na maji." Bei milioni 38. Akataka milioni 2 za kuishikia kabla ya Ijumaa, kwa kuwa kuna mtu wa Dar anaitaka. Mwalimu akamjibu kwamba mtu wa Dar akiwahi, basi ni riziki yake. Akanipigia simu.

Nilianza na madirisha. Vyumba viwili vya nyuma, unene wa ukuta ulikuwa uleule juu na chini: tofali la inchi 6 na lipu pande zote mbili. Vyumba vya mbele, kila nilipoweka futi kamba nilipata kipimo kingine. Nikagonga kwa kifundo cha kidole. Nyuma mlio ulikuwa mkavu. Mbele ukuta uliitika kwa uvungu. Chini ya dirisha la barazani lipu ilikuwa imefura, na nilipoigusa kwa ncha ya bisibisi kikabanduka kipande cha ukubwa wa kiganja. Nyuma yake udongo mwekundu, na ndani ya udongo ufito ulioliwa na mchwa ukabaki ganda tu.

Kwa hiyo mbele ilikuwa nyumba ya miti na udongo iliyopakwa saruji, nyuma zikaongezwa tofali baadaye. Si aibu, nyumba nyingi za mji huu zimekua hivyo. Ila bei haiwezi kuwa ya tofali. Mabati ya mbele yalikuwa yameshika kutu kuanzia kwenye misumari, kama kawaida ya hewa ya bahari, na boriti mbili za kenchi zililegea. Nikamwambia mwalimu: hesabu vyumba viwili, si vinne. Vile vya mbele utavibomoa.

Alirudi mwenyewe mwezi wa Januari, mvua ikinyesha, akasimama barazani na mwavuli. Maji ya mtaani yalipita ubavuni mwa nyumba, yakaingia uani na kutuama kwenye ukuta uleule wa udongo. Ziara ile haikumgharimu kitu, na ilimfundisha kuliko chochote alichosimuliwa na dalali.

Mambo yalivyofuatana

Katika ziara ya kwanza, uani kulikuwa na chumba kimoja cha pembeni, na mlangoni amekaa bibi akipepeta mchele. Muuzaji, mtoto wa kiume wa marehemu aliyekuja kutoka Dar, alisema kwa haraka: "Huyu anatuangalizia nyumba." Mwalimu akamwamkia shikamoo, bibi akaitikia marahaba, halafu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, ungo ukiendelea kwenda, "Mmekuja kutazama nyumba, mwanangu? Na mimi mtanipeleka wapi?"

Muuzaji akacheka, akatuvuta mbele. Mwalimu hakucheka.

Jioni ya siku iliyofuata alikwenda kumsalimu mzee wa nyumba ya pili, mtu aliyekaa hapo tangu ujana wake. Hakuanza na nyumba. Aliulizia wenyeji, nani kazaliwa wapi, nani ameoa wapi. Mzee akamweleza bila kuombwa: yule bibi ni mke wa pili wa marehemu, alifunga naye ndoa baada ya mama wa watoto kufariki, akamuuguza mpaka mwisho. Watoto wa marehemu ni watano, wa kiume wawili na wa kike watatu. Na kule Newala kuna wapwa zake wanaosema nyumba ile ni ya mjomba wao.

Sasa karatasi. Muuzaji alikuwa na ofa, yaani barua ya kupewa kiwanja, ya miaka ya themanini yenye jina la baba yake, risiti za zamani za kodi ya pango la ardhi zilizokoma miaka mingi nyuma, na muhtasari wa kikao cha ukoo uliomteua kuwa msimamizi wa mirathi, wenye sahihi za watu saba na muhuri wa serikali ya mtaa. Akaonyesha pia risiti za LUKU zinazokatwa kodi ya jengo kila mwezi. Kwake yeye huo ulikuwa ushahidi kamili.

Haukuwa. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU inaifuata mita, hata mpangaji akinunua umeme inakatwa. Muhuri wa mtaa unasema watu hawa wanafahamika hapa, hauhamishi kiwanja. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu. Anayemteua msimamizi ni mahakama, na karatasi inayompa mamlaka ya kuuza ni Fomu namba IV ya Mahakama ya Mwanzo. Hakuwa nayo. Na kati ya sahihi zile saba, ya bibi haikuwemo, wala ya binti mmoja.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa mwalimu ulikuwa kutotoa hata shilingi ya kushikia nyumba mpaka Fomu namba IV ipatikane. Dalali alimwambia anapoteza bahati. Alichohofia ni hiki: akimpa mtoto mmoja milioni 2, wale wanne na mama yao wa kambo hawajapokea kitu, na siku wakija kudai watamkuta yeye ndani ya nyumba, si ndugu yao aliyerudi Dar.

Uamuzi wa pili sikukubaliana nao. Familia ilisema haina pesa ya kufungulia mirathi, naye akakubali kulipa ada na nauli za mashahidi, jumla shilingi 300,000, kwa maandishi kwamba zitakatwa kwenye bei. Kwangu mnunuzi anayegharimia mirathi ya wauzaji anajiingiza kwenye ugomvi usio wake. Yeye aliona kwamba bila hivyo shauri halitafunguliwa kamwe, na kiasi hicho anaweza kukipoteza bila kuumia. Alitunza kila risiti.

Mirathi ikafunguliwa Februari. Tangazo lilipobandikwa, mpwa mmoja akaweka pingamizi. Hoja yake ilitoka kwenye desturi ya kusini, kwetu Wamakonde na Wamakua na Wamwera, ambako ukoo hufuata upande wa mama na mali ya mjomba ina macho ya wapwa. Si hoja ya kudharau. Wazee wengi wanaiishi hadi leo. Mahakama ilitazama marehemu aliishi vipi: alifunga ndoa ya Kiislamu, akazikwa Kiislamu, watoto wake aliwalea humo mjini. Ikaamua mirathi ifuate dini yake, na kwa kuwa ameacha watoto wa kiume, wapwa hawakuwa na fungu. Mwezi wa Juni mtoto yule akateuliwa rasmi kuwa msimamizi, safari hii bibi akiwa ametajwa kwenye orodha ya warithi.

Bei ilizungumzwa Julai, ukumbini mwa nyumba ileile, warithi wote wakiwepo ana kwa ana au kwenye simu. Mwalimu hakuanza kwa kubishana na milioni 38. Aliwaonyesha ukuta ulipobanduka, picha za maji ya Januari, na deni la kodi ya ardhi. Wakatua milioni 31, bibi akiwa wa kwanza kusema inatosha.

Jambo alilolisimamia kwa nguvu zote lilikuwa namna ya kulipa. Mkataba ulisainiwa mbele ya wakili na warithi wote sita. Milioni 20 ziliingia kwenye akaunti ya mirathi siku ya kusaini, milioni 11 zikasubiri idhini ya uhamisho kutoka ofisi ya ardhi. Na kipengele kimoja kiliandikwa kwa lugha ambayo kila mtu pale ukumbini aliielewa: fungu la bibi litoke lote kwenye malipo ya kwanza, na asihamishwe chumba chake mpaka apate pa kulala penye paa.

Matokeo

Milioni 3 zilikatwa kwa malimbikizo ya kodi ya pango, kodi ya mauzo iliyokokotolewa TRA, zile 300,000 za mwalimu na ujira wa dalali. Zilibaki milioni 28. Mke akapata moja ya nane, yaani milioni 3.5. Zilizobaki, milioni 24.5, ziligawanywa mafungu saba: kila binti fungu moja la milioni 3.5, kila mtoto wa kiume mawili, milioni 7. Kaka wale wawili, baada ya mzee wa jirani kuwaita kuzungumza nao barazani, kila mmoja alimwongezea mama yao wa kambo milioni 1 kutoka fungu lake. Hawakulazimishwa na sheria yoyote. Kwa milioni 5.5 bibi alimalizia vyumba viwili kwenye kiwanja cha mmoja wa mabinti na akahama Septemba.

Idhini ilitoka Oktoba. Mwalimu akalipa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya bei, malipo yaliyobaki yakatoka, akaingia na watoto wake kwenye vyumba viwili vya nyuma.

Kisha ardhi ikasema yake. Mpimaji aliyekuja kwa ajili ya hati alitafuta bikoni nne, zile alama za mpaka kwenye pembe za kiwanja, akaziona tatu. Ya nne ilikuwa chini ya jiko la jirani wa nyuma. Ofa ilisema kiwanja kina mita 12 kwa 24, ukuta wa ua ulikuwa umefungwa kwenye mita 22 na nusu. Na shimo la choo, ambalo wote tuliliona na kulipita, lilikuwa nusu upande wa pili. Baba wa nyumba hii na baba wa nyumba ile, wote marehemu, walichimba shimo moja wakalitumia pamoja na kugawana ardhi kwa mdomo: wewe chukua nafasi ya jiko, mimi nipe nafasi ya shimo.

Mwalimu alichimba shimo jipya ndani ya mpaka wake kwa shilingi milioni 1.4. Fedha hiyo ilikuwa ya kuanzia kubomoa vyumba vya mbele. Hadi ninapoandika, chumba kimoja cha mbele kimejengwa upya kwa tofali, cha pili bado kina udongo na amekifungia vitu vya stoo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni mpangilio wa maswali. Wanunuzi wengi wanaoniita wananiuliza kwanza ukuta, halafu bei, halafu karatasi, na watu wa nyumba hawaulizwi kabisa. Mwalimu alisikia swali la bibi akalichukua kama taarifa. Angelipuuza, angenunua kutoka kwa mtu asiye na mamlaka ya kuuza, akiwa na mjane ndani ya nyumba. Kwa mume aliye hai, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza. Kwa marehemu ulinzi wa mjane unapitia mirathi, na mirathi ikirukwa mjane anarukwa nayo. Muuzaji wetu hakuwa mwizi. Alikuwa na shida ya pesa na alishazoea kumwona mama yule kama sehemu ya ua. Ndiyo maana nasisitiza: mtu yeyote anayelala ndani ya nyumba inayouzwa aulizwe kwa heshima, muuzaji akiwa hayupo, amekaa hapo tangu lini na kwa sababu gani.

Mzee wa jirani alikuwa na thamani ambayo ofisi haina. Upekuzi kwa Msajili wa Hati unakuambia jina lililoandikwa na kama kuna rehani. Haukuambii kuhusu mke wa pili wala wapwa wa Newala. Hii ndiyo faida ya mtaa wa zamani, na wanunuzi wanaitupa kwa kwenda na dalali peke yake, dakika kumi na tano, wamesimama.

Malipo kwa awamu yalimlinda kila mmoja. Milioni 11 zilizobaki ndizo zilizomfanya msimamizi afuatilie idhini mwenyewe, na kutanguliza fungu la bibi kuliondoa ule mtindo wa wakubwa kugawana na mama kuambiwa asubiri. Kuhusu zile 300,000, bado nashikilia msimamo wangu. Zilirudi kwa sababu familia hii ilikuwa ya watu waungwana. Pingamizi la mpwa lingefaulu, zingekuwa zimepotea, na mwalimu angeonekana mbele ya upande mmoja kama mtu aliyenunua kesi.

Palipoharibika ni kwenye vipimo. Tulimjua kila mrithi kwa jina na hatukujua ua unaishia wapi. Upimaji uliahirishwa ili kubana matumizi, ukaachwa ufanyike wakati wa hati, baada ya pesa kutoka. Ungefanyika Juni, mita moja na nusu ile ingekuwa hoja ya bei mezani, na shimo lingekatwa kwenye fungu la wauzaji. Tena yule mzee alikuwa analijua shimo lile vizuri. Alipoulizwa baadaye alieleza hadi mwaka lilipochimbwa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Udhaifu wa pili ni bajeti. Milioni 31 kati ya 35 ziliacha milioni 4 kwa ushuru, wakili, hati na matengenezo ya nyumba ambayo nusu yake ni udongo. Kwa nyumba kongwe ya pwani mimi hupendekeza theluthi ya pesa ibaki mkononi, maana paa, choo na maji ya mvua havisubiri mshahara. Mwalimu anajua hilo na alichagua hivyo kwa macho mawili. Milioni 4 hazikuwa na nafasi ya shimo la milioni 1.4.

Mpaka wa nyuma haukuvunjwa. Jirani hakutaka kubomoa jiko, mwalimu hakutaka uadui siku za kwanza mtaani. Waliandikiana kwamba jiko litabaki mpaka litakapojengwa upya, na siku hiyo litarudi nyuma ya bikoni; shimo la zamani likafukiwa kwa gharama ya jirani. Wote wawili walisaini, na yule mzee akatia dole gumba kama shahidi. Nakala moja iko ofisi ya mtaa, nyingine ameiweka kwenye bahasha moja na hati.